Chupa Kumi na Mbili za Posa

Bellevue, Johannesburg
8 Juni 2025

Yaya Victoire,

Parfait amefika na basi lake salama. Barua yako, dada yangu, nimeipata na unga nimeupata, lakini mizizi ya munkoyo ya kupikia pombe haikufika. Walimnyang'anya mpakani wakaitupa kwenye pipa, huku wakimuuliza kama ni uchawi. Kwa hiyo posa ya binti yako ni tarehe thelathini Agosti, mjomba ni mimi, na pombe sina. Usiniambie ninunue kreti dukani. Najua hutaniambia, utanitukana kwanza. Kwenye ukoo wetu mjomba huleta pombe aliyoipika kwa mkono wake, na asipoileta wageni hawaketi. Mimi nimezoea cherehani. Chungu sikijui.

Sasa sikia bahati yangu. Kuna Mkenya mmoja wa Observatory, Bwana Ogutu, mtu wa benki, nilikuwa nampunguzia suti zake. Anarudi kwao Kisumu moja kwa moja. Huyu bwana alikuwa anajipikia bia nyumbani kwa kujifurahisha tu, na vyombo vyote ameniachia mimi: ndoo yenye kifuniko na kimrija cha kutolea pumzi, kipimo cha kioo cha kuelea ndani ya bia kupima sukari iliyobaki, vifuniko vya chupa na kibanio chake, na kitabu. Humo ndani kuna bia ya majira ya baridi. Ni nyeusi na nzito, ya kimea cha shayiri iliyokaangwa, asali, tangawizi na ganda la chungwa. Ni lita nne tu, kwa mtu anayejifunza. Huku sasa maji ya ndoo yanaganda juu kila asubuhi, kwa hiyo bia ya baridi ndiyo yenyewe.

Sisi wazima. Murielle anashinda anasuka nywele kule Yeoville, vidole vimemvimba kwa baridi, na mchumba wake Alexis anampelekea chai kila siku utadhani mgonjwa. Pitchou wako bado analinda ghala Rustenburg. Hatusemezani tangu anitwange siku ya Pasaka kwa sababu ya mzaha mmoja. Ngumi zile karithi kwako, usibishe.

Mtaani si shwari. Kuna kundi linapita nyumba kwa nyumba likitaka wageni tuondoke. Jumanne walimpiga Mburundi mmoja muuza viatu kwa mnyororo wa pikipiki, meno yake yakabaki kwenye lami. Niliyaona kwa macho yangu. Mpangaji wa vyumba vya mbele, Bheki Zwane, huandamana nao. Juzi alinizaba kofi kwa kuanika suruali kwenye kamba yake. "Baridi ikiisha nisikuone hapa," akasema. Nikamwambia hata mimi baridi siipendi. Akanizaba la pili.

Usihofu. Niambie masikio yanaendeleaje.

Mdogo wako,
Ruphin


Lubumbashi
15 Juni 2025

Ruphin,

Sikio la kushoto nalo limezimika. Simu nimeigawa, maana kazi yake ilikuwa kunitetemekea mfukoni bure. Kwa hiyo wewe andika, na uandike herufi kubwa.

Makofi mawili! Na wewe unatoa mzaha! Yule mlevi aliyetia mkono mchafu kwenye chungu changu, umesahau nilimfanya nini? Mwiko ulivunjika, na taya lake likavunjika. Mpaka leo anakula uji, na tukikutana sokoni ananiamkia kwa adabu. Mtu wa aina hiyo huelewa lugha hiyo tu. Huyu Bheki wako, jina lake nimeliandika ukutani jikoni kwa mkaa, nisilisahau kwenye sala zangu. Na sala zangu unazijua.

Bon. Sasa pombe. Kitabu! Mama yetu alisoma kitabu gani? Mimi nimepika miaka thelathini na tano, nimezika mume na kusomesha watoto kwa chungu hicho hicho, sijaona kitabu kikinusa wala kuonja. Pika kwa kitabu chako kwa kuwa munkoyo hakuna, lakini ukikwama usimuulize Mkenya. Niulize mimi.

Mwambie Murielle naye aniandikie. Mikono inayosuka vichwa vya watu kutwa haishindwi kushika kalamu. Nilimleta kwako akiwa na macho mawili na akili timamu, nataka kumwona bibi arusi hivyo hivyo.

Dada yako,
Victoire


Bellevue
29 Juni 2025

Yaya,

Nimepika! Jumamosi ya wiki iliyopita, mimi na Murielle, jiko moja la umeme na sufuria ya ubwabwa ya kanisa. Tuliloweka kimea kwenye maji ya moto saa nzima, tukakichuja kwa kitambaa cha bitana ya koti. Fundi mimi, sikosi bitana. Halafu tukachemsha na yale maua machungu ya hopsi, asali, tangawizi na maganda ya chungwa. Nyumba nzima ilinukia mkate. Ilipopoa, tukatia hamira, tukafunika ndoo. Asubuhi kimrija kikaanza kububujika. Murielle alikaa kukitazama akicheka peke yake.

Siku ya tano kikanyamaza kabisa.

Kitabu kinasema nisifunge kwenye chupa mpaka kipimo cha kioo kisome namba ile ile siku tatu mfululizo. Kipimo sina tena. Ijumaa Zwane alipiga mlango teke. Alisema harufu inamwingia puani, na kwamba tunapika vileo haramu ili tuwaue watoto wao. Teke lilipasua ubao, ubao ukaangukia meza, kipimo kikavunjika vipande vipande. Nilipoinama kuviokota alinipiga teke la ubavuni. Nikivuta pumzi nasikia kama sindano imevunjikia humo. Murielle alisimama katikati yetu na mkasi wa kukatia kitambaa, akamwambia kwa Kizulu asogee hatua moja tu aone. Yaya, ni wewe mtupu! Zwane alimtazama, akatema mate, akaondoka.

Sasa nishauri. Ndoo iko chini ya dirisha na chumba ni baridi kama friji. Hamira imekufa, au imemaliza kazi? Posa inakuja.

Ruphin


Lubumbashi
6 Julai 2025

Ruphin,

Mguu wa kukupiga ubavuni ulipaswa kubaki humo chumbani kwako. Murielle ana akili kuliko wewe.

Pombe yako haijafa. Ina njaa na ina baridi, kama mtoto yeyote. Nani kakuambia pombe hukaa chini ya dirisha? Fanya hivi, na kitabu ukikalie: ilishe sukari. Kikombe kizima, kile cha chai, siyo kijiko cha hospitali. Koroga, tia kwenye chupa, funga kwa nguvu zako zote, halafu uzipange karibu na moto. Huko hamna mkaa, basi hiyo hita yenu. Zifunike blanketi. Pombe ya munkoyo ikinyamaza nafanya hivyo hivyo, na siku ya pili inaimba. Hiyo yako ni nzito, ipe wiki mbili.

Usisubiri na usipime. Ninayesema ni mimi. Sijawahi kuharibu chungu hata kimoja.

Dada yako,
Victoire


Bellevue
13 Julai 2025

Yaya,

Nimefanya kama ulivyosema. Kikombe kizima. Nilisita kidogo, kitabu kinasema vijiko vichache, lakini nani atakubishia? Jana tumejaza chupa kumi na mbili na kuzibana vifuniko mpaka viganja vikachubuka. Zimejipanga chini ya meza ya cherehani, ubavuni mwa hita, zimefunikwa blanketi langu mwenyewe. Mimi nalala na koti.

Ruphin

Mama, ni mimi Murielle, nimemnyang'anya kalamu. Mjomba anaziamkia chupa kila asubuhi, anauliza zimelalaje. Barua zako ananisomea kwa sauti yako, mpaka lile jina la ukutani. Tumecheka sana, ingawa Zwane ananitisha. Nguo ya posa ni ya kijani. Nitakuandikia vizuri, kweli safari hii.


Bellevue
24 Julai 2025

Murielle mwanangu,

Leo wamenizuia tena kwenye geti la hospitali. Wale wanaosimama hapo wakidai vitambulisho ili wageni tusiingie walinitambua, na mmoja ana fimbo. Karatasi hii nampa Baba Zwane akuletee. Kiswahili hajui, kwa hiyo naandika yote.

Daktari alimwambia Zwane kwamba hukumbuki ajali ilivyoanza. Uliinama uvute hita karibu na miguu. Chupa ya kwanza ikalipuka, ya pili ikafuata, na ya tatu. Kitabu kilikuwa kimeonya, ukurasa wa mbele kabisa. Hamira ilikuwa imelala kwa baridi tu. Tukaijaza sukari, tukaifungia ndani ya kioo, tukaiamsha kwa joto. Mama yako anapika kwenye chungu kilicho wazi, maisha yake yote hajawahi kufunga pombe kwenye chupa. Sikukumbuka hilo. Nilikumbuka tu kwamba yeye ni mkubwa wangu.

Kuna jambo jingine, na ni baya zaidi. Nyumba nzima walidhani ni risasi, wakalala chini. Na mimi pia. Nilikuwa nimejikunja nyuma ya marobota ya vitambaa, mikono kichwani, na wewe ulikuwa unaniita. Nilikusikia, mwanangu. Sikuinuka. Aliyeingia ni Zwane. Alipiga teke mlango ule ule nilioutengeneza, akavua shati akakufunga uso, akakubeba, akakuweka kwenye pikapu yake. Nimeambiwa hakusimama kwenye robot hata moja, zile taa za barabarani.

Zile tisa zilizobaki nimezisogeza kwenye kona kwa ufagio, nimezifunika magunia yenye maji. Naogopa kuzigusa.

Nakuomba, mama yako asijue. Ushauri ulikuwa wake, na jicho ni lako. Akijua, atakufa, au atajifanyia kitu kibaya. Tutatafuta neno la kumwambia.

Mjomba wako,
Ruphin


Wodi ya macho
25 Julai 2025

Mjomba,

Naandika nusu nusu, nisamehe mistari ikipanda. Jicho la kushoto wamelitoa. La kulia lina kipande cha kioo, watanifanyia upasuaji tarehe ishirini Agosti uvimbe ukishuka. Wakichelewa, nalo litakwenda.

Nyuma ya marobota nakusamehe. Labda si leo, lakini nakusamehe.

Baba Zwane anakuja kila siku saa tisa, na mfuko wa machungwa. Hatuongei sana. Siku ile getini wale watu walimzuia na mimi nikiwa begani. Ni wenzake, anaandamana nao. Wakamwambia, huyo si wetu, mrudishe. Akasema, "Huyu ni binti yangu." Mmoja akacheka, akapigwa kichwa cha pua mpaka akakaa chini. Kwenye faili niliandikwa Murielle Zwane, anwani yake na simu yake. Kwa hiyo usije, mjomba. Wakijua mimi ni nani wataniondoa kitandani kabla ya tarehe ishirini. Nilimuuliza kwa nini, wakati mlango wetu aliuvunja. Akaniambia, "Mimi nilitaka muondoke. Sikutaka mfe." Halafu akanimenyea chungwa.

Mama usimwambie, sawa. Sema nilianguka, sema ni moto wa jiko. Lakini usimtwike mtu, mjomba. Mtu yeyote yule.

Murielle


Lubumbashi
27 Julai 2025

Ruphin,

Abiria wa Parfait amekuja mpaka jikoni kwangu. Hasikii kwamba sisikii, nikampa mkaa aandike sakafuni. Ameandika: Murielle, jicho, damu, hospitali.

Siku tatu sijala. Wewe umeandika nini? Hukuandika kitu.

Nimekaa mbele ya ukuta wangu. Hapa kuna jina moja tu. Aliyekuzaba makofi, aliyekupiga ubavu, aliyetoa vitisho. Mwanangu alisimama mbele yake na mkasi, naye akatema mate akaondoka. Mtu kama huyo hurudi.

Ni Bheki Zwane? Sitaki barua ndefu, wala mambo ya bia na maganda ya chungwa. Jibu neno moja, nami nitajua. Kama si yeye, niambie ni nani aliyemfanya mwanangu hivi.

Victoire


Bellevue
1 Agosti 2025

Yaya,

Ndiyo.

Ruphin


Lubumbashi
5 Agosti 2025

Pitchou mwanangu,

Parfait atakukabidhi barua hii mkononi, pale anaposhushia abiria. Isome umesimama.

Dada yako ametolewa jicho. Aliyefanya hivyo anaitwa Bheki Zwane, vyumba vya mbele, nyumba anayokaa mjomba wako Bellevue. Mjomba wako amethibitisha kwa mkono wake. Usipite kwake kwanza, atakubembeleza kwa maneno. Usipite hospitali, ukimwona dada yako utalia, na mtu akishalia mkono unalegea.

Sikutumi kuua. Jicho kwa jicho, basi. Baada ya hapo nitalala.

Mama yako,
Victoire


Musina
11 Agosti 2025

Mama,

Nilifika Jumamosi saa kumi jioni. Alikuwa uani anaosha pikapu. Nilimwita jina lake lote, akaitika, akageuka na ndoo mkononi.

Nilimpiga kwa rungu la kazini. Pigo la pili lilitoa jicho. Ulisema jicho, ningeishia hapo. Lakini alikuwa amenishika koti, anasema neno lile lile, nikadhani anaomba maji. Nikainama kumsikiliza. Alikuwa anasema, "Murielle. Murielle." Jina la dada yangu kinywani mwake! Hapo sikuona tena kitu. Nilipiga mpaka mkono ukachoka. Mkewe alitoka, akapiga ukelele, sikuacha. Fuvu lililegea kama papai.

Kwenye kiti cha gari kulikuwa na mfuko wa machungwa. Niliuchukua. Njia ni ndefu na nilikuwa na njaa.

Leo navuka mpaka. Usiniandikie.

Pitchou


Bellevue
10 Agosti 2025

Yaya Victoire,

Jana mwanao amemuua Bheki Zwane uani kwetu. Nilikuwa dirishani. Nilipomtambua Pitchou nilielewa mara moja barua yangu ya neno moja ilikwenda wapi. Nilitoka nikikimbia, safari hii nilitoka, lakini nilifika kichwa kikiwa kimekwisha kupondeka.

Zwane hakumgusa binti yako. Zilikuwa ni chupa zangu. Sukari, hita, vifuniko vya kubana. Zilimlipukia Murielle usoni, mimi nikajificha, na Zwane akambeba akamwokoa. Kitanda anacholalia kimeandikwa kwa jina la huyo mtu.

Nilisema ndiyo kwa sababu uliniuliza ni nani aliyemfanya mwanao hivi. Jibu la kweli lilikuwa mimi na wewe, yaya, na mkono wangu ulikataa kuliandika. Nilijidanganya. Nilisema kipimo si alikivunja yeye? Ubavu si aliuvunja yeye? Nikasema uko mbali, utatukana, utapiga ukuta kwa mwiko, yataisha. Nilimsahau Pitchou. Siku zote nasahau ulivyo, halafu nakumbuka nikiwa nimechelewa.

Sijui barua hii itakufikia kabla ya ile ya kwake. Nampa Parfait sasa hivi. Vyumba vya mbele vimejaa watu, wamekuja kutoka mitaa yote, wana mapanga na matofali. Wanasema Wakongo wamemuua Zwane kwa sababu alikuwa anaandamana. Watawapiga wote, na wapangaji wenzangu hawajui lolote. Navuka ua kwenda kumwambia mkewe ukweli.

Ruphin wako


Wodi ya macho
22 Agosti 2025

Mama,

Mjomba amekufa. Naanza na hilo kwa sababu najua Parfait ataogopa kukwambia.

Alivuka ua Jumapili mchana. Alisimama mbele ya watu wote akasema kwa sauti kwamba muuaji ni mwana wa dada yake, kwamba yeye ndiye aliyedanganya, na kwamba Zwane aliniokoa. Mama Denise wa chumba cha nyuma alikuwepo, ndiye aliyenisimulia kwa simu. Mmoja akarusha tofali. Baada ya la kwanza hayahesabiki. Alijikunja na mikono kichwani, lakini hakukimbia wala hakurudisha maneno yake.

Halafu wakatia nyumba moto na watu wakiwa ndani. Moto ulipofika chumbani kwetu, zile chupa tisa zililipuka zote, moja moja. Wale waliokuwa wamezuia mlango walidhani ni bunduki, wakakimbia mpaka barabara kubwa. Wapangaji wote walitoka hai. Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na bia ya posa yangu. Hakuna aliyeionja.

Alexis anakaa getini kila siku na chupa yake ya chai. Hawamruhusu kuingia. Posa sijui, wala sitaki kuizungumza.

Sasa nikuambie la Jumatatu. Karani alikuja na faili langu. Alikuwa amesikia. Alisema Bwana Zwane amefariki, na kama hakuna mtu wa familia wa kuthibitisha, mimi si mgonjwa wao, kitanda kina wengine. Tarehe ishirini ilikuwa keshokutwa. Nilikaa nikisubiri waniondoe. Mchana mlango ukafunguka akaingia mke wa Baba Zwane, MaDube, amevaa nyeusi, anashikiliwa na jirani kwa sababu hawezi kutembea vizuri. Alikuwa amekuja kuchukua koti la mumewe alilonifunika wiki ile ya baridi kali.

Karani akamuuliza mbele yangu, "Huyu ni wenu?"

Mama, yule mwanamke alijua kila kitu. Alijua muuaji ni kaka yangu. Alikuwa pale mumewe alipouawa. Alinitazama muda mrefu mpaka karani akauliza mara ya pili.

"Yebo," akasema, yaani ndiyo.

Akatia sahihi. Halafu akaninamia, nikadhani atanipiga, nilitamani anipige. Aliniambia sikioni nisije kwenye mazishi, na nisikanyage mlango wake maisha yangu yote. Akachukua koti akaondoka.

Juzi walinifanyia upasuaji. Leo asubuhi walifungua bandeji. Naona. Kitu cha kwanza nilichokisoma ni kibao cha kitanda.

Sina la kukuambia kuhusu sukari. Hukujua. La sukari nimekusamehe siku ile ile. Lakini barua yako, ile Parfait aliyokiri kumpelekea Pitchou, sijui nitaifanyaje. Ulikuwa na watoto wawili na mdogo wako mmoja, na wote tungekuja kwako kama ungeuliza tena, mara moja tu.

Uliandika jina ukutani kwa mkaa, ili usilisahau kwenye sala zako. Najua ukimaliza kusoma barua hii utachukua kitambaa na maji.

Usilifute.

Murielle Zwane